Nilimpima fundi kwa idadi ya fremu, nikakaribia kumfukuza asiye na kosa

Karakana_Ndogo (mtoa mada):

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu kidogo, wenye haraka mnisamehe.

Nina karakana ya milango, madirisha na mageti ya chuma. Tuko 11 ukiniondoa mimi: mafundi saba, wasaidizi wawili, mpaka rangi mmoja na binti wa ofisini. Kwa miaka mingi sikupima chochote. Ungeniuliza nani anajituma na nani anategea ningekujibu palepale bila kukohoa, maana nawaona kila siku. Kisha oda zikaongezeka, nikaanza kukwepa simu za wateja, nikaona sasa na mimi niwe wa kisasa.

Nikanunua ubao mweupe nikautundika pale wanapobadilishia nguo. Majina ya mafundi pembeni, siku za wiki juu, na kila jioni binti wa ofisini anajaza idadi ya fremu. Jumamosi anayeongoza anapewa bonasi, wa mwisho anaitwa ofisini. Wiki mbili za mwanzo karakana ilichangamka kweli. Watu walikuwa wanapita kwenye ubao kabla hata ya kunawa mikono. Nikajilaumu kwa kuchelewa kuijua siri hii.

Kuna mafundi wawili nitawapa majina ya kupanga, Mwepesi na Mzito. Mwepesi alikuwa anatoa fremu 9 kwa siku, Mzito 6. Wiki tatu mfululizo Mzito yuko mkiani. Nikamwita mara ya kwanza, nikampa barua ya onyo. Nikamwita mara ya pili, hakujitetea, alisema tu "sawa bosi" huku anaangalia viatu vyake. Mimi nikaona huo ni ujeuri. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa, iko kwenye droo.

Kilichomwokoa ni mlango uliorudishwa. Mteja alisema bawaba ya juu imeachia. Nikaushika mwenyewe. Kwa macho hauna kasoro, mahali pa kuchomelea pamelainishwa kwa grinda, rangi imekaa vizuri. Nikachukua nyundo ndogo nikagonga bawaba ya chini, nayo ikabanduka kama ganda la yai. Moto haukuingia kwenye chuma hata kidogo, ulilala juu tu. Hapo unaona fundi aliyekimbiza mkono, halafu grinda ikamfichia.

Nikamuuliza mpaka rangi kama fremu za namna hii ni nyingi. Akanishangaa. "Bosi, si huwa nazigonga kabla ya kupaka? Zikilia vibaya nampelekea Mzito anazirudia." Kwa nini Mzito? "Kwa sababu ukimpelekea mwenyewe aliyezichomelea unagombana."

Yaani karakana nzima inajua, isipokuwa mwenye karakana.

Wiki iliyofuata nikahesabu upya kimyakimya. Kwa siku sita Mwepesi alitoa fremu 54, zilizorudishwa na mpaka rangi 11. Mzito alitoa 36, ikarudishwa 1. Zile 11 alizirekebisha Mzito, kila moja kama dakika 40, jumla dakika 440, yaani saa saba na dakika 20. Ni karibu siku nzima ya kazi ambayo ubao haukuwa na mahali pa kuiandika. Toa muda huo kwenye saa zake 48, zinabaki 40 na dakika 40, na humo ametoa fremu 35 safi. Mwepesi kwa saa zote 48 ametoa safi 43. Piga hesabu kwa saa moja: Mzito 0.86, Mwepesi 0.90. Na hapo sijagusa kwamba fremu za upinde zote anapewa Mzito, kwa kuwa wengine hawaziwezi.

Halafu nikafanya jambo la pili, ambalo nadhani ndilo nililopaswa kuanza nalo. Nikampa kila fundi kadi ngumu yenye safu tatu: nimesimama saa ngapi, nimeendelea saa ngapi, nilikuwa nasubiri nini. Kadi hazina majina. Mwanzoni hawakuniamini, siku ya kwanza zilirudi nyeupe. Siku ya tatu moja ilirudi na alama ya kidole cha grisi na maneno manne: "nasubiri vipimo vya bosi".

Wiki ikaisha. Mafundi saba kwa saa 48 ni saa 336. Saa zilizopotea kwa kusubiri ni 71, zaidi kidogo ya moja ya tano. Saa 29 wanasubiri vyuma vikatwe, maana mashine ya kukatia ni moja. Saa 18 umeme. Saa 13 wananisubiri mimi: vipimo, uamuzi, au nimetoka na ufunguo wa stoo. Saa 11 wanatafuta diski za grinda, vijiti vya kuchomelea na vikorokoro vingine.

Nimeufuta ubao. Sasa nimebaki na maswali. Nipimeje watu bila kurudia ujinga ule? Nilipe kwa kipande au kwa mwezi? Na mtu kama Mzito, ambaye kazi yake nusu ni kuokoa kazi za wenzake, unamwandika wapi? Naomba michango, matusi nimeshajitukana mwenyewe.


Nimepita_Tu:

Hiyo barua ya kwenye droo umeichana?


Karakana_Ndogo:

Nimeichana. Ile ya onyo bado imo kwenye faili lake, kesho naitoa.


Chuma_Hakidanganyi:

Mtoa mada pole, lakini msianze kunogewa na huruma hapa. Nimesimamia watu miaka mingi na wavivu wapo. Tena wanajua sana kuandika "nasubiri umeme" huku umeme upo. Mkiondoa namba mtabaki na hadithi, na mvivu huwa na hadithi nzuri kuliko mchapakazi. Mimi kwangu kuna lengo la siku, limeandikwa ukutani. Hufikishi, tunaongea. Hufikishi tena, tunaagana.


Cherehani_12:

Kaka mtoa mada, mimi nina karakana ya kushona sare, mashine 12, na nalipa kwa kipande. Sijutii, ila nimelipa ada ya kujifunza.

Kwanza, kwangu kipande hakihesabiwi kikitoka kwenye cherehani, kinahesabiwa kikishapita mezani kwa mkaguzi. Kazi inatembea kwa mafurushi ya vipande 20, kila furushi lina tiketi yenye namba ya aliyeshona mabega, aliyeshona mikono, aliyetia kola. Mshono ukifumuka narudi kwenye tiketi, na aliyeshona anaurudia mwenyewe kwa muda wake. Sasa hebu jiangalie: kwako anayekosea analipwa bonasi na anayerekebisha anapewa onyo! Ungeziba hapo tu, hata ubao wako usingekuwa mbaya hivyo.

Pili, si kila mtu yumo kwenye kipande. Mkataji yuko kwenye mshahara. Nilimjaribu kwenye kipande mwezi mmoja, akawa anarundika matabaka mengi mno ya kitambaa kwenye kisu ili amalize haraka. Tabaka la juu na la chini vikatofautiana karibu kidole. Mafundi wote walikula hasara ya mkono wa mtu mmoja. Tangu hapo mkataji nampima kwa kitambaa kilichopotea na kwa vipande vinavyokutana, muda wake simuulizi.

Tatu, na hili ndilo lililonigharimu zaidi. Kuna dada mmoja alikuwa na mkono wa ajabu. Mwezi mmoja akapata pesa kumpita msimamizi wake. Msimamizi akaja analalamika, nami kwa akili zangu fupi nikapunguza bei ya kile kipande. Wiki iliyofuata, wallahi, mashine zote 12 zilitoa idadi ileile, tofauti ya kipande kimoja au viwili. Hakuna aliyegoma wala kusema neno. Walikaa wakapatana tu. Imenichukua zaidi ya mwaka kuwashawishi kwamba sitarudia.


Mtu_wa_Zamu:

Dada Cherehani, ngoja mimi nilieleze hilo kutoka upande wa pili. Humu naona wenye karakana watupu, mimi ni mfungaji bidhaa.

Tulikuwa wanane kwenye mstari wa kufunga sabuni. Lengo lilikuwa katoni 300 kwa zamu. Tungeweza 360, siku mashine ina afya hata zaidi. Hatukufanya hata siku moja. Kijana mgeni akija na moto wake anafundishwa siku ya pili: ukifika 300 unapunguza, unafagia, unapanga maboksi. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya hapo lengo lilikuwa 240. Tukafika 270 tukapigiwa makofi, na mwezi uliofuata lengo likawa 270. Tukafika 300, likawa 300. Mshahara ni uleule tangu 240.

Siku mambo yakienda vizuri tulikuwa tunaficha katoni kama 20 nyuma ya pipa la taka, tunazihesabu Jumatatu mashine inapoamka vibaya. Msimamizi alikuwa anaandika 300, 302, 299, 301. Anasaini. Bosi anafurahi kwamba mstari umetulia. Mashine inayokwama mara tatu kwa wiki inatoaje 300 kila siku? Hakuna aliyejiuliza.

Mkuu Chuma_Hakidanganyi, usinielewe vibaya, hilo lengo lako la ukutani nina hakika linafikiwa. Ninachokuuliza ni kama umewahi kutazama nyuma ya pipa.


Nimepita_Tu:

😂😂 Nyuma ya pipa! Nakaa pale chini nisome vizuri.


Msoma_Mengi:

Mtu_wa_Zamu, hayo mliyoyafanya yameandikwa karibu miaka mia iliyopita. Kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago. Watu wengi wanakijua kwa yale majaribio ya taa yaliyoanza 1924. Kwa uzi huu lakini kilicho kitamu zaidi ni chumba kimoja kilichochunguzwa kuanzia mwishoni mwa 1931 hadi katikati ya 1932. Wanaume 14: tisa wanaunga nyaya, watatu wanatia risasi ya kuungia, wawili wakaguzi. Malipo yalipangwa ili kikundi kikizalisha zaidi kila mtu apate zaidi. Kwa karatasi walipaswa kukimbia. Hawakukimbia. Walikuwa na kiwango chao cha siku walichokiona ni cha haki, na anayekivuka alipigwa ngumi ya mkononi, juu ya kiwiko, wakicheka. Wakitoa zaidi walitangaza pungufu, siku nyingine wanafidia. Pipa lenu, kwa jina lingine. Walipoulizwa walisema tukizidisha bei itashushwa au wenzetu wataachishwa.

Kwa hiyo Dada Cherehani alichokifanya kwa mwezi mmoja ndicho wale walichokuwa wanakiogopa miaka yote.

Kinyume chake ni Lincoln Electric ya Cleveland, ambao, mtoa mada utapenda hili, wanatengeneza mashine za kuchomelea. Walijulikana kwa kulipa kwa kipande miaka nenda rudi, na bonasi ya mwaka tangu 1934. Bei ya kipande haikushushwa eti kwa sababu mtu anapata nyingi, ilibadilishwa pale mashine au njia ya kazi ilipobadilika. Kazi mbovu mtu alirudia kwa muda wake. Na bonasi haikuangalia idadi peke yake, waliangalia ubora, kutegemewa, mawazo na ushirikiano pia. Watu hunakili kipande cha "lipa kwa idadi" wakaacha hayo mengine, kisha wanashangaa bawaba zinabanduka.


Chuma_Hakidanganyi:

Sawa, historia nimeisikia. Bado hamjajibu swali langu. Watu wawili, mashine moja, chuma kilekile, mmoja anatoa 10 mwingine 6. Huyo wa 6 mnampa kadi ya kusubiri?


Msoma_Mengi:

Mkuu, hilo ni swali la haki kabisa. Kwanza hakikisha kweli ni mashine moja na chuma kilekile, kwa sababu kwa mtoa mada haikuwa hivyo. Pili, angalia kwa muda gani.

W. Edwards Deming, yule Mmarekani mtaalamu wa takwimu na ubora wa kazi, alikuwa na mchezo wake. Bakuli kubwa la shanga, 4,000, kati ya hizo 800 nyekundu. Mfanyakazi anachota kwa kibao chenye matundu 50. Nyekundu ni kasoro. Kwa wastani kila mchoto una nyekundu 10, ila mmoja anaweza kutoka na 6 na mwenzake 14, na mikono haina kosa lolote. Deming akiwa bosi anampongeza wa 6, anamkaripia wa 14. Mchoto wa pili wa 6 anapata 12, wa 14 anapata 9. Bosi anatangaza: mnaona karipio linavyofanya kazi, na sifa zinavyolewesha! Ukumbini watu hucheka, halafu Jumatatu wanarudi makazini kufanya yaleyale.

Kwa hiyo wiki moja ya 10 kwa 6 isikupeleke popote. Wiki sita, kazi ya aina moja, huyo wa 6 hajawahi hata siku moja kumfikia mwenzake, hapo kuna kitu. Inaweza kuwa hajui, inaweza kuwa macho yamepungua nguvu, inaweza kuwa ni mvivu kama unavyosema. Utajua ukisimama karibu naye. Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa anachora duara la chaki sakafuni na kumsimamisha mtu humo atazame kazi kwa saa nyingi mpaka aone kinachoendelea. Karakana ya watu 11 haihitaji hata chaki.


Chuma_Hakidanganyi:

Wiki sita ni nyingi kwa mtu mwenye madeni. Lakini hoja ya shanga nimeielewa. Nitaangalia rekodi zangu za miezi mitatu nione kama kuna mtu niliyemuaga kwa sababu ya shanga. Naogopa kidogo kuziangalia.


Mhasibu_wa_Jioni:

Naingia kwenye hesabu maana ndiko ninakolalia. Kuna kipimo kinachopendwa viwandani, cha kuzidisha mambo matatu: mashine ilikuwepo kazini kiasi gani, ilienda kwa kasi gani, na kilichotoka kilikuwa kizima kiasi gani. Mfano. Zamu ni dakika 480, mashine imesimama 48, imefanya kazi 432. Kipande kinatakiwa dakika 2, kwa hiyo ungetegemea 216. Vimetoka 173. Vizima 164. Yaani 0.90 mara 0.80 mara 0.95, unapata kama asilimia 68. Wengi hutaja 85 kuwa ndiyo ya viwanda vilivyonyooka.

Nimekileta ili niwaonye. Hicho ni kipimo cha mashine na mpangilio wa kazi, na nimeona karakana ndogo zikikigeuza kuwa alama ya mtu. Opereta anaulizwa kwa nini una 68. Sasa zile dakika 48 mkanda ulikatika na wa akiba haukuwepo, na anayenunua mikanda ni bosi. Opereta ajibu nini?

Kwa mtoa mada: tatizo lako la kwanza si mfanyakazi yeyote. Ni mashine ya kukatia. Saa 29 kati ya 71. Mafundi wako saba hata wakiwa malaika, karakana itatoa kadiri mashine moja inavyokata. Hapo ndipo pa kuweka ubao: leo imekata mita ngapi, imesimama dakika ngapi, kwa nini. Jaribu pia kumleta mkataji saa moja kabla ya wenzake, akate vyuma vya asubuhi. Haligharimu sana hilo, na baada ya wiki mbili utajua kama unahitaji mashine ya pili au hapana.

Na usipime mambo mengi. Nilimkuta mwenye karakana mmoja ana vipimo 19 kwa watu tisa. Binti wa ofisini alikuwa anabuni namba jioni ili aondoke.


Cherehani_12:

😀 Huyo binti namwelewa.

Kaka, kuhusu Mzito: mimi nina jedwali la ujuzi ukutani. Majina upande mmoja, kazi juu: kola, zipu, mfuko, vifungo, overloki. Kwenye kila chumba cha jedwali kuna duara. Tupu, hajui. Nusu, anafanya akisimamiwa. Limejaa, anafanya peke yake. Lenye nyota, anaweza kumfundisha mwenzake. Mshahara wa msingi unapanda kwa maduara, na nyota ina posho yake. Likichorwa hivyo, Mzito wako atakuwa na nyota kwenye fremu za upinde na kwenye marekebisho, mbele ya macho ya kila mtu. Nawe utaona kitu cha kutisha: kazi gani ina nyota moja tu karakana nzima. Siku Mzito akiumwa, hizo pinde nani anapiga?


Mtu_wa_Zamu:

Nyongeza ndogo. Yale mazungumzo ya ofisini mara moja kwa mwaka, na fomu ya alama 1 mpaka 5, kwa karakana ndogo hayana faida. Mtu anakumbuka mwezi wa mwisho tu. Mimi msimamizi niliyempenda alikuwa anapita kwangu kila wiki, dakika kumi, tumesimama palepale mashineni. Anauliza kilichonikwamisha wiki hii, anasema alichokiona kwangu, kizuri au kibaya, na wiki ijayo anaanza na lile nililolalamikia amelifikisha wapi. Akishindwa anasema nimeshindwa. Akinikosoa ilikuwa haiumi sana, maana nilikuwa na mimi nimeshamkosoa.


Karakana_Ndogo:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Mrejesho, maana nachukia nyuzi zisizo na mrejesho.

Ubao umerudi ukutani lakini hauna majina. Una namba tatu za karakana nzima: fremu zilizopita nyundo ya mpaka rangi mara ya kwanza, zilizorudishwa, na saa za kusubiri. Bonasi sasa ni ya wote, inatokana na fremu zilizopita, na zilizorudishwa zinaipunguza. Iliyorudishwa inarekebishwa na aliyeichomelea. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Wiki ya tatu zilizorudi ni 4 kwa karakana nzima.

Nimemwahidi kila mmoja kwa maandishi kwamba kiwango cha bonasi hakitashuka mwaka huu hata wakinifilisi. Nimemkumbuka Mtu_wa_Zamu nikaenda kuangalia nyuma ya pipa letu. Zilikuwepo fremu mbili. Nimeziacha.

Jedwali la maduara limeniaibisha. Pinde: nyota moja. Kupanga vipimo vya geti la kuteleza: nyota moja, na ni yangu mimi. Ndiyo maana wananisubiri.

Mgumu amekuwa Mwepesi. Alinifuata akiwa amekasirika kweli: "Bosi, ulisema fremu nyingi, nikakupa nyingi. Sasa nimekuwa mwizi?" Na ana haki. Hakunidanganya, alifanya kile ubao ulichoomba. Nimempa bonasi ya wiki mbili alizokuwa anadai, bila mjadala, na nikamwomba radhi kwa namna nilivyouliza. Sasa anafundishwa pinde na Mzito. Hawapendani, ila nimewasikia wakibishana kuhusu joto la mashine kama watu wanaojali kazi ileile.

Mzito nilitaka kumfanya msimamizi. Akakataa. Anasema hataki kufokea watu, anataka posho ya nyota na grinda mpya. Amepata vyote. Barua ya onyo nimempa mkononi aichane mwenyewe, akaikunja akaiweka mfukoni. Sijui anaenda kuifanyia nini.


Nimepita_Tu:

Ataifungia vitafunwa. Na mashine ya pili ya kukatia je?


Karakana_Ndogo:

Bado sijanunua. Mkataji anaanza saa moja mapema kama alivyosema Mhasibu, na zile saa 29 zimeshuka mpaka 9. Umeme umebaki palepale, diski nimezileta nyingi nikazigawa asubuhi. Kwenye kadi za wiki hii ninayeongoza kwa kusubiriwa ni mimi. Saa 16.


Mhasibu_wa_Jioni:

Andika jina lako ubaoni mkuu. Jumamosi uitwe ofisini.